Shimo la choo lisilojaa na nyumba ya wageni ya vyumba vitatu

"Assalaam aleikum. Mimi na mume wangu tumejenga vyumba 3 vya kukodisha wageni nyuma ya nyumba ya mama, hapa Jambiani, dakika 5 kwa miguu hadi pwani. Tumeezeka makuti, tumetumia boriti, na tunataka pawe mahali panapotunza mazingira kweli, si kwa jina. Tumebakiwa na shilingi milioni 9. Duka moja la mjini linatuuzia sola ya milioni 8 kwa ajili ya feni, taa na viyoyozi, na wanasema utunzaji wa mazingira unaanzia hapo. Fundi wetu anataka kutuchimbia shimo la choo la futi 15 lisilo na sakafu, kama la mama, ambalo lina miaka 11 na halijajaa hata siku moja. Litakuwa upande wa maweni, hatua 40 kutoka kisimani, na anasema hapo kisima kiko salama. Maji ya kisima yameanza kuonja chumvi tangu hoteli za jirani zilipochimba visima vyao. Tuanze na nini? Na mgeni akituuliza kama sisi ni 'wa kijani', tumjibu nini?"

Wa aleikum salaam, dada yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila nikilisoma najikwaa pale pale: shimo la mama, miaka 11, halijajaa. Ninyi mmelitaja kama sifa, na fundi analitaja kama ushahidi wa kazi nzuri. Hamko peke yenu. Pwani yote ya kusini na mashariki ya Unguja shimo lisilojaa linasifiwa, na mwenye shimo linalojaa anaonekana amepata fundi mbovu. Naomba tuanzie hapo, kwa sababu mkipaelewa hapo maswali mengine yatajipanga yenyewe.

Tufanye hesabu. Chukua nyumba ya watu 5 inayomwaga shimoni lita 100 tu kwa siku, choo na kuoga pamoja. Kwa mwaka ni lita 36,500. Kwa miaka 11 ni zaidi ya lita laki 4. Shimo la duara lenye kina cha futi 15 na upana wa futi 5 likijazwa hadi mdomoni halichukui hata lita 9,000. Laki 4 zimeingia, shimo la elfu 9 halijajaa. Hayo maji yako wapi?

Yako chini, yanatembea. Kijiji chenu kimekaa juu ya maweni, jiwe lililotokana na matumbawe ya zamani, na jiwe hilo limejaa nyufa, vishimo na mapango. Mnayajua mapango yenyewe, maana ndiyo yaliyowapa wazee wenu maji kabla ya mabomba. Mvua inayonyesha huko ndani porini haitengenezi mto. Inazama kwenye jiwe na kutelemka taratibu chini ya miguu yenu kuelekea baharini. Kisima cha mama kinakutana na maji hayo njiani. Na shimo ambalo fundi anataka kulichimba liko upande wa maweni, yaani yanakotoka maji. Kwa mpango huo maji yatapita chooni kwanza, kisha kisimani, kisha pwani.

Ukitaka kuyaona kwa macho yako, ngoja bamvua, maji yakitoka sana, ushuke ufukweni ufuate mstari ule ambao mchanga unabaki umelowa hata baada ya bahari kwenda zake. Utaona vijito vyembamba kama vidole vikichuruzika kutoka juu. Chimba kwa kisigino, chota kwa kiganja, weka kwenye ncha ya ulimi kisha uteme. Yatakuwa baridi kuliko maji ya bahari, na chumvi yake ni ndogo. Hayo ni maji ya chini ya kijiji yanatoka nje. Yamepita chini ya nyumba zote na vyoo vyote, na yanamwagika pale pale kina mama wanapofungia kamba za mwani. Kilimo cha mwani kimekuwa mkono wa kulia wa wanawake wa pwani hiyo tangu mwaka 1989. Choo kinabeba naitrojeni na fosforasi, ambazo ni mbolea, na mbolea hiyo ikifika baharini inalisha majani membamba yanayojizonga kwenye mwani na kuudumaza. Sababu za mwani kudumaa ni zaidi ya moja, joto la maji likiwa kubwa miongoni mwake. Lakini ile ya vyoo iko mikononi mwetu.

Sasa zile hatua 40. Fundi hakuzitoa kichwani. Mita 30, yaani kama hatua 40, kati ya choo na kisima ni kipimo kinachofundishwa sehemu nyingi, na mahali penye udongo wa kina kinafanya kazi. Udongo ni chujio: maji yanapita polepole kati ya chembe, vijidudu vinanasa, vinaliwa na vijidudu wengine, na vingi vinakufa njiani. Maweni hayachuji. Maji yanapita kwenye ufa kama kwenye bomba, na safari ambayo kwenye mchanga ingechukua wiki nyingi hapo inaweza kuisha kwa siku moja au mbili. Niliwahi kushiriki kazi moja kwenye jiwe la aina hii ambako tulitia rangi ya kupimia kwenye shimo la choo jioni. Asubuhi ya siku ya pili, bibi wa nyumba alivuta ndoo ya kwanza na maji yalikuwa ya kijani. Hakusema neno. Aliiweka ndoo chini akakaa kwenye baraza, na sisi tukakosa la kumwambia, kwa sababu kisima kile alikuwa akikitumia tangu anaolewa. Kilikuwa mbali na shimo kuliko hatua zenu 40.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba fedha yenu ya mwanzo iende kwenye maji: yanakotoka na yanakokwenda. Sola baadaye, na iwe ndogo. Kwenye maweni choo na kisima ni kitu kimoja, na nyumba ya wageni inayochafua kisima cha mama haiwezi kuwa ya kimazingira hata ikiezekwa kwa makuti na kuwashwa kwa jua lote la Zanzibar.

Mnachohitaji badala ya shimo ni karo lililozibwa. Namaanisha tangi la zege au la matofali lililopigwa plasta ya kuzuia maji ndani, lenye sakafu, lenye vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili ya ujazo. Wageni 6 mkiwafikisha lita 80 kila mmoja ni lita 480 kwa siku, na hata yote yangeingia humo, tangi la lita 3,000 lingewatosha kwa nafasi. Kinachofanyika humo ni rahisi: vizito vinazama, mafuta yanaelea, na vijidudu visivyohitaji hewa vinameng'enya tope polepole. Msiwaue kwa kumwaga jiki na dawa kali za choo kila asubuhi. Siki, sabuni ya kawaida na brashi vinatosha. Kabla ya kufukia, lijazeni karo maji safi, wekeni alama ya penseli kwenye ukuta, funikeni, rudini kesho yake saa ile ile. Maji yakiwa yameshuka, fundi apige plasta upya na mpime tena. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na fundi mzuri hatachukia. Kila baada ya miaka michache tope litahitaji kunyonywa na gari, na siku hiyo muulizeni dereva anakwenda kulimwaga wapi kabla hajafungua mpira.

Ila maji yanayotoka upande wa pili wa karo bado ni machafu, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Yamepungua uzito tu; vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara vinaweza kuwamo. Yanahitaji udongo, na ninyi udongo hamna, mna jiwe lenye vifuko vya udongo huku na huko. Basi udongo inabidi muutengeneze. Ninachowapendekezea ni kitanda cha migomba: beseni kubwa lililochimbwa au kuinuliwa, lililozibwa chini na pembeni kwa zege jepesi au turubai zito la bwawa, likajazwa kifusi chini, kisha kokoto, kisha mchanga, na juu yake udongo na mboji. Maji ya karo yanaingilia chini kwenye kifusi. Migomba inayanywa kwa mizizi na kuyapumua kwa majani, na jua linamalizia. Ndizi zake zinalika, kwa sababu maji machafu hayafiki juu. Mboga za mizizi na majani ya kuliwa mabichi msipande humo kabisa.

Mtakutana na watu watakaowaambia mita 2 za mraba kwa kila mtu zinatosha. Msikubali bila kupiga hesabu yenu. Kwenye joto la pwani, mita moja ya mraba ya kitanda kilichostawi inanywa kama lita 4 hadi 6 kwa siku. Wageni 6 wakivuta choo chenye vitufe viwili, cha lita 3 na cha lita 6, na wakitumia maji ya kujisafishia, wanamwaga kama lita 135 kwa siku. Gawanya kwa 5, unapata mita za mraba 27, yaani kitanda cha mita 3 kwa 9. Ni kikubwa, najua. Lakini vyumba havitajaa kila siku, na wageni wengi huja Julai na Agosti na tena Desemba hadi Februari, wakati jua kali na upepo vinakausha vizuri. Masika, mvua ikilijaza beseni, vyumba vitakuwa nusu vitupu. Mita za mraba 20 hadi 25 ningezikubali, uso wa kitanda ukiinuliwa mgongo ili mvua itelemke pembeni, na mkiweka bomba la dharura linalotokea upande wa pwani wa kisima, kamwe si upande wa maweni. Maji ya kuogea na ya sinki yasiingie humo. Yapelekeni kwenye minazi, kwenye mifereji mifupi iliyojazwa makumbi na majani makavu, mkibadilisha mahali kila baada ya miezi michache. Hayo yanachafua kidogo sana kuliko ya choo.

Kuna njia nyingine ambayo kwa mazingira peke yake ndiyo bora: choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi, kisichotumia maji wala kumwaga kitu ardhini. Sikuwekei hiyo mbele, na sababu ni ya nyumbani kwetu. Choo kikavu hakitaki maji, na sisi tunajisafisha kwa maji. Inawezekana kujenga sehemu ya pembeni ya kutawazia yenye bomba lake, na mgeni kutoka Ulaya atazoea siku moja. Lakini atakayekisafisha ni wewe au binti utakayemwajiri, na ndugu wakija Sikukuu watakitumia kama choo cha kawaida, na siku 2 za maji ndani yake zinatosha kukiharibu. Kama mnajijua mna nidhamu ya kumwaga majivu kila siku bila kukosa, jengeni kimoja, kwa chumba kimoja, mjaribu mwaka mzima.

Tuje kwenye chumvi ya kisima. Maji matamu chini ya kisiwa hayana sakafu ya mwamba inayoyashikilia; yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa hesabu ya vitabuni, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kama mita 40 zilizo chini yake. Sasa igeuze hesabu hiyo: mkivuta hadi usawa ushuke sentimita 10 tu, chumvi inaweza kupanda mita 4 kutoka chini. Ndiyo maana kisima kikionja chumvi, dawa ambayo kila mchimbaji ataileta, ya kukiongezea kina, ndiyo inayokiua. Mnaifuata chumvi kwake. Msichimbe zaidi. Vuteni polepole, kidogo kidogo, mchana kutwa, kwa pampu ndogo inayojaza tangi la juu, si kwa mota kubwa ya kukausha kisima kwa nusu saa. Hapa sola ina kazi yake halali: pampu ndogo ya jua isiyo na betri inavuta taratibu kuanzia asubuhi hadi alasiri, na kisima kinapata muda wa kupumua.

Nunueni pia kipima chumvi kidogo cha mkononi, kile cha kuchovya majini. Pimeni kila Ijumaa, muandike kwenye daftari, pamoja na urefu wa kamba kutoka mdomo wa kisima hadi usawa wa maji. Chagueni saa ambayo bahari iko hali moja, kwa mfano kupwa, yaani maji yakiwa yametoka, maana kwenye maweni kisima kinapanda na kushuka na bahari. Baada ya mwaka mtakuwa na daftari ambalo mnaweza kuliweka mezani kwa sheha na mbele ya meneja wa hoteli jirani. Malalamiko ya mdomo husahaulika. Namba zinazopanda wiki hadi wiki ni shida kuzikataa.

Na hoteli hizo mna haki ya kuzilalamikia. Utafiti wa pwani ya mashariki ya Unguja uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku. Kwenye nyumba ndogo za wageni ilikuwa lita 248, kwenye hoteli 931, na karibu nusu ya maji ya hoteli ilikuwa ya kumwagilia bustani. Nyasi za kijani juu ya jiwe! Ninyi msipande nyasi kabisa. Mkadi, mnazi, mwarobaini na mchanga uliofagiwa vizuri asubuhi ni bustani nzuri, na ndiyo inayofanana na Jambiani.

Kutoka lita 248 hadi 80 ni safari, lakini si ya mateso. Shawa pana za kisasa zinazomwaga kama mvua zinakula lita 15 na zaidi kwa dakika. Shawa ya lita 6 hadi 8 yenye mkandamizo mzuri mgeni hailalamikii. Kinachomaliza maji kimyakimya ni choo kinachovuja: tangi dogo la choo lenye mpira uliochoka linaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku bila mtu kusikia. Chukua rangi ya biriani jikoni, tia kijiko kidogo ndani ya tangi la choo, usivute kwa nusu saa. Ukikuta bakuli la choo limeingia rangi ya machungwa, badilisha mpira siku hiyo hiyo. Fanya hivyo kila mwanzo wa mwezi, vyumba vyote 3.

Maji ya kunywa na kupikia nisingeyachukua kisimani hata kidogo, na bahati nzuri jibu liko juu ya kichwa cha mama. Makuti yenu yanapoza chumba vizuri, lakini maji yake ya mvua yanatoka rangi ya chai na takataka ndani. Nyumba ya mama, kama ina bati, ndiyo bwawa lenu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 90, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukitoa moja ya tano inayopotea, linawapa lita 72,000. Tatizo ni majira: mvua inakuja masika na vuli, wageni wanakuja mbingu zikiwa zimefungwa. Mkiyatumia maji hayo kwa kila kitu, tangi la lita 10,000 litaisha wiki 3 tu nyumba ikijaa. Lakini mkiyaweka kwa kunywa, chai na kupikia tu, lita 8 kwa mtu, wageni 6 na watu 5 wa nyumbani, ni lita 88 kwa siku, na tangi hilo hilo linawafikisha siku 113: kutoka mwanzo wa Juni hadi vuli inapokaribia. Wekeni gata, bomba la kutupa maji ya mwanzo yanayoosha paa, wavu wa mbu, na bado myachemshe au kuyapitisha kwenye chujio. Mgeni akikuta jagi la maji ya baridi na bilauri chumbani, hahitaji chupa za plastiki, na ninyi hamhangaiki na kuzichoma nyuma ya nyumba. Jambo moja nasisitiza: funguo za tangi hilo awe nazo mama. Paa ni lake.

Sasa ile sola ya milioni 8. Nina hakika viyoyozi ndivyo vilivyoikuza. Feni ya darini inakula wati 60 hadi 75. Kiyoyozi kidogo kinakula kama wati 900 kinapofanya kazi. Usiku mmoja feni inatumia nusu uniti, kiyoyozi uniti 5 au 6. Tena chumba cha makuti kiko wazi juu, ubaridi wote unatoka nje, ni sawa na kujaza maji kwenye tenga. Umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, mnao, unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, ambako sehemu kubwa unatokana na maji na gesi. Si mchafu kama wanavyowaambia. Mchafu ni wa jenereta. Wanaokumbuka giza la miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, wanajua jinsi jenereta zilivyonguruma kila pembe ya Unguja. Kwa hiyo nunueni sola ndogo: pampu niliyoitaja, taa, kuchaji simu, na betri moja ya kuwavusha umeme ukikatika. Madirisha mawili yanayotazamana, moja upande wa kusi na jingine upande wa kaskazi, pamoja na chandarua kirefu chenye nafasi, ndicho kiyoyozi chenu.

Boriti zimeshajengewa, msijilaumu. Ila ni mikoko, na mikoko ndiyo inayolea kamba na samaki wachanga na kuvunja mawimbi. Siku ya kukarabati, tumieni mvinje uliopandwa, au muulizeni muuzaji kibali cha misitu kabla ya bei. Mchanga wa ujenzi usitoke ufukweni, hata ndoo moja. Makuti yanunueni kwa wanawake wanaosuka hapo hapo kijijini. Kila baada ya miaka michache mtayahitaji upya, na fedha hiyo ibaki Jambiani.

Mgeni akiuliza kama ninyi ni wa kijani, mpeleke nyuma ya nyumba. Mwoneshe karo, migomba, daftari la chumvi. Mwambie kweli pia kwamba ndege iliyomleta kutoka Ulaya imetoa hewa ukaa inayopimwa kwa tani, na hakuna paneli ya juu ya paa lenu itakayoifuta. Mnachoweza kufanya ni kumfanya akae zaidi: punguzeni bei kwa anayekaa wiki mbili. Mashuka yatafuliwa mara chache, na atapata muda wa kuwajua watu. Cheti cha kulipia kisubiri. Kibali cha Kamisheni ya Utalii hakisubiri, wala kwenda ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, kuuliza kinachotakiwa kwa nyumba ya ukubwa wenu kabla ya kuendelea na ujenzi.

Yapo mambo ambayo msiyafanye kwa maelezo yangu tu. Kabla ya kumwaga zege la karo, muiteni mhandisi wa maji aje asimame pale, aone mteremko na nyufa. Hiyo ni nusu siku ya kazi yake. Kabla ya kugusa kisima, nendeni ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar. Kama kuna mtoto nyumbani anayeharisha mara kwa mara, au maji yamebadilika harufu baada ya mvua, acheni kuyanywa leo, mpelekeni mtoto kituo cha afya, msingoje majibu ya maabara. Na shimo la mama, mkishahamia kwenye karo, linyonywe na gari, limwagiwe chokaa, lijazwe kifusi. Msimteremshe mtu ndani yake hata kwa dakika moja, hata kijana mwenye nguvu, hata akiwa amefungwa kamba kiunoni. Hewa ya humo inaua kabla mtu hajaita, na anayemfuata kumwokoa anabaki humo humo.

Wiki hii chukueni sampuli ya kisima. Ombeni chupa iliyotakaswa kutoka maabara ya ZAWA au ya Mkemia Mkuu wa Serikali, msitumie chupa ya soda iliyosuuzwa. Iwekeni kwenye barafu na ifike mjini siku hiyo hiyo, ndani ya saa 6 mkiweza. Ombeni vipimo viwili kwa majina: E. koli, kijidudu kinachoonesha kwamba kinyesi kimefika majini, ambayo inatakiwa iwe sifuri katika mililita 100, na naitreti, chumvi ya naitrojeni, ambayo isizidi miligramu 50 kwa lita. Majibu yakitoka niandikie namba zote mbili, na uniambie kuna hatua ngapi kutoka kisimani hadi kwenye shimo la mama lenyewe, maana hukulitaja, na nahisi liko karibu zaidi kuliko hilo jipya.